Fundi wa Dizeli Utamjua Kabla Hajashika Spana

Peleka gari la dizeli linalomisi kwenye gereji yoyote kati ya Makambako na Njombe, na usiseme mengi. Sema tu, "Fundi, injini inatetemeka, naona kama inamisi." Kisha sikiliza utakachoulizwa. Yupo atakayekujibu palepale kwamba nozeli zimekufa, na kabla hujamaliza kusalimia kijana wake ameshafungua boneti na spana namba 17 iko mkononi. Yupo mwingine atakayetaka kujua kwanza. Inamisi asubuhi ikiwa ya baridi, au hata ikishachemka? Inamisi ikiwa imesimama tu inaunguruma, au hata ukiwa unapanda mlima na mzigo? Moshi una rangi gani? Mafuta uliweka wapi mara ya mwisho? Kuna kitu kilifunguliwa kabla tatizo halijaanza? Huyo wa pili mwachie ufunguo.

Magari ninayoyazungumzia hayana kompyuta ya kukuambia yanaumwa nini. Ni Hilux za injini ya 2L, 3L na 5L, Land Cruiser za 1HZ, Land Rover za 300Tdi, na Canter za zamani zinazoteremsha mbao, viazi, chai na parachichi kutoka Lupembe, Uwemba, Makete na Ludewa. Hakuna pa kuchomeka mashine. Kuna sikio, pua, kiganja cha mkono na mpangilio wa mawazo, na kwa maoni yangu mpangilio ndio unaotenganisha ufundi na kubahatisha. Mafundi wengi wanajua kufungua nozeli. Wachache wanajua sababu ya kutoifungua bado.

Mpangilio huo unaanzia kwenye jinsi dizeli inavyowaka. Haina plagi ya cheche. Hewa inaingia kwenye silinda, pistoni inaibana mara 20 hivi, inapata moto mkali, kisha mafuta yananyunyizwa ndani yake na kuwaka yenyewe. Rudolf Diesel alifanikisha injini ya namna hiyo kule Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, na kampuni ya Robert Bosch ilipoanza kutengeneza pampu za kunyunyiza mafuta kwa wingi mwaka 1927, njia ikafunguka kuiweka kwenye magari. Tangu hapo mambo ni matatu: hewa iliyobanwa vya kutosha, mafuta safi yaliyonyunyizwa sawasawa, na wakati sahihi wa kunyunyiza. Maswali yote ya fundi mzuri yanatafuta ni lipi kati ya hayo limepungua, na kama limepungua kwenye silinda zote au kwenye moja tu.

Lakini kwanza ahakikishe kwamba injini inamisi kweli. Gari linaweza kutikisika huku injini ikiwaka vizuri kabisa. Fundi anayejua huenda nyuma ya gari kabla ya kwenda mbele, akaweka kiganja karibu na mdomo wa ekzosi. Pumzi zikija kwa mpigo ulio sawa, bila pengo, basi silinda zote zinafanya kazi, na mtikisiko unatoka kwingine: mauntingi zimelegea au zimepasuka, paipu ya ekzosi inagusa chesisi, au puli ya mbele imeachana na raba yake. Atakwambia ukanyage klachi uone kama mtikisiko unabadilika. Hii ni kazi ya dakika chache, na nimeona magari yakinunuliwa seti nzima ya nozeli kwa sababu ya raba moja ya kukalia injini.

Sasa nizungumzie jambo ambalo vitabu vya gari haviliweki mbele, lakini fundi wa nyanda hizi asipolijua atakudanganya bila yeye mwenyewe kujua. Mji wa Njombe uko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Makambako, penye njia panda ya barabara ya Mbeya na ya Songea na stesheni ya TAZARA, ni chini kidogo, karibu mita 1,700. Kwa urefu wa Njombe msukumo wa hewa umepungua kwa takriban moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Ukipanda hadi uwanda wa Kitulo umepungua kwa zaidi ya robo. Injini isiyo na tabo inavuta ile hewa iliyopo. Kwa hiyo kompresheni itakayosomeka kwenye geji Njombe ni ndogo kuliko ya injini ileile ikiwa Dar, hata kama ringi na valvu ni mpya.

Fikiria injini ya 3L ambayo pwani ingesoma kilo 32 kwa sentimita ya mraba. Hapa itasoma kama 26. Fundi aliyekariri namba ya kitabu ataona 26 na kukwambia injini imekwisha, ishushwe. Fundi anayejua alipo atatazama namba ya kwanza kisha atauliza ya pili, ya tatu na ya nne. Zikiwa 26, 25, 26, 26, injini ni nzima. Zikiwa 26, 25, 18, 26, hapo ana kazi, na anajua ni silinda gani. Ukitaka kipimo kimoja tu cha haraka cha fundi wa nyanda za juu, muulize namba za kompresheni alizopata, uone kama anakutajia moja au zote.

Mwinuko huohuo unaleta moshi mweusi. Pampu iliyopimwa kwa hewa ya pwani inatoa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo Njombe, na yasiyoungua yanatoka yakiwa masizi, hasa gari likiwa na mzigo. Toyota iliuza baadhi ya injini zikiwa na kifaa kwenye pampu kinachopunguza mafuta gari linapopanda sehemu za juu, lakini nyingi hazina. Moshi mweusi wa kupanda mlima kwenye gari lisilo na tabo, ambalo halimisi na lina nguvu zake za kawaida, si ugonjwa wa nozeli. Aangalie filta ya hewa, na kama ni safi, aseme ukweli kwamba gari linalalamikia mwinuko. Ninamheshimu fundi anayeweza kumwambia mteja kuwa hakuna cha kununua.

Baridi nayo ina hesabu yake. Usiku wa Juni na Julai, Njombe hushuka chini ya nyuzi 10, na Uwemba na Makete hushuka zaidi. Injini inayobana hewa mara 22 ikivuta hewa ya nyuzi 5 badala ya 28, hewa hiyo ikishabanwa itakuwa imepungua joto kwa zaidi ya nyuzi 50. Ongeza hapo kwamba hewa yenyewe ni nyepesi. Mafuta yanachelewa kuwaka, mengine hayawaki kabisa, yanatoka kama moshi mweupe unaochoma macho, na injini inagonga na kuyumba. Dakika moja au mbili baadaye chumba cha kuwakia kimepata moto, moshi unaisha, injini inatulia.

Gari la namna hiyo halianziwi kwenye pampu. Linaanziwa kwenye plagi za kupasha moto, ambazo mafundi wengi huziita hita, moja baada ya nyingine, si kwa kutazama taa ya dashibodi. Taa hiyo inaonyesha muda tu. Haijui kama plagi imekatika. Fundi atatoa bati au waya unaoziunganisha, kisha apime kila plagi kwa mita au kwa taa ya majaribio. Hapa mtazame kwa makini. Baadhi ya Toyota zina plagi za volti 6 zinazotawaliwa na kifaa chake. Ukizigusisha moja kwa moja kwenye betri ya volti 12 "kuona kama zinawaka", zinawaka kweli, halafu zinakufa. Fundi wa daraja la juu huifuta plagi na kusoma maandishi yake kabla ya kuipa umeme wowote. Hilo ni jambo dogo la sekunde kumi, na mimi hulitumia kumpima mtu.

Plagi zikiwa nzima zote na injini bado inayumba asubuhi, mawazo yanahamia kwenye valvu. Kwenye 1HZ nafasi ya valvu hurekebishwa kwa vibati vya unene tofauti, kazi inayotaka mikromita na uvumilivu, ndiyo maana wengi huikwepa kwa miaka. Valvu inavyozidi kujichimbia kwenye kiti chake nafasi inapungua, mpaka valvu haifungi vizuri na kompresheni inavuja. Land Rover 300Tdi ni rahisi zaidi: milimita 0.20 kwa valvu zote, skrubu na nati. Fundi anayekubali kuanza na feela geji kabla ya kukuuzia spea amekwisha kukuonyesha tabia yake.

Nikiulizwa ni wapi ubora wa fundi wa dizeli unaonekana wazi kuliko kote, nitajibu ni kwenye kutafuta hewa iliyoingia kwenye mafuta. Dalili zake zinadanganya. Gari linawaka vizuri, linakwenda nusu dakika, kisha linaanza kupanda na kushuka lenyewe, linamisi huku na huku bila silinda maalumu, pengine linazima. Ukipampu ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta linawaka tena. Wengi husema pampu kubwa imechoka.

Nilimtazama fundi mmoja wa Njombe akiishughulikia Hilux ya 3L iliyoleta viazi kutoka upande wa Uwemba. Dereva alikuwa kijana, na tayari alikuwa amebadilishiwa nozeli nne kwingine bila nafuu. Fundi hakugusa nozeli. Alibonyeza pampu ya mkono, akaitazama inavyorudi, akasema inarudi laini mno. Kisha alitoa mfukoni kipande cha mpira unaopitisha mwanga, urefu wa kiganja, akakifunga kati ya filta na pampu kubwa, akawasha. Mafuta yalipita ndani ya ule mpira yakiwa ya rangi ya chai nyepesi, na katikati yake vilipita vipovu vidogo, vikifuatana, kisha kimoja kirefu kilichojaza mpira mzima. Injini iliyumba hasa wakati kile kirefu kilipofika kwenye pampu. Sote tuliokuwa tumesimama pale tulikiona na kukisikia kwa wakati mmoja.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyonifanya nimhesabu kuwa fundi. Aliuchomoa mpira unaotoka kwenye tangi, akaning'iniza dumu dogo la dizeli safi kwenye boneti, juu kuliko pampu, likashuka moja kwa moja kwenye filta kama dripu ya hospitali. Akatoa hewa, akawasha. Injini ikatulia, ikaendelea kutulia. Kwa kipimo kimoja alikuwa amesafisha jina la filta, pampu, nozeli na silinda zote nne, na kubakiza tangi na paipu zake tu. Akaingia chini ya gari.

"Lakini mzee, chini hakuvuji hata tone," yule kijana akasema.

"Mdogo wangu, upande huu pampu inavuta," fundi akamjibu akiwa chini. "Panapovutwa mafuta hayatoki nje. Hewa ndiyo inaingia ndani."

Tatizo lilikuwa kipande cha mpira karibu na tangi, kimepasuka chini ya klipu, kikavu kabisa kwa nje. Aliyetafuta mvujo kwa kutazama sakafu asingekiona kamwe. Akakata sehemu iliyochoka, akaweka mpira mpya na klipu mpya, na hakuishia hapo: alirudisha kile kipande cha kupitisha mwanga akatazama tena mpaka mafuta yakapita bila kipovu hata kimoja, ndipo akakitoa.

Ndugu ya hewa ni uchafu na maji. Gari likitulia likiwa limesimama lakini likaanza kumisi na kukosa nguvu kwenye mwinuko mrefu, mafuta hayafiki ya kutosha: filta imeziba, chujio la ndani ya tangi lina tope, paipu imebonyezwa na jiwe, au tundu la kupumulia la mfuniko wa tangi limeziba. La mwisho linapimwa bure kwa kulegeza mfuniko. Maeneo ya ndani mafuta huuzwa kwa madumu, na dumu lililokaa nje msimu wa mvua huwa na maji. Fundi makini hutoa mafuta kidogo chini ya filta ndani ya chupa nyeupe, akayaacha yatulie. Maji yatazama chini na mstari utaonekana. Atayanusa pia. Mwaka 2010 EWURA ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta kupambana na uchakachuaji, lakini mafuta ya kwenye dumu yamepita mikono mingi tangu yatoke kituoni. Mafuta ya taa yanayochanganywa humo ni mepesi, na pampu nyingi za magari haya hazina oili nyingine ya kuzilainisha zaidi ya dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Kwa hiyo madhara yake hayaishi tangi linapoisha.

Tukija kwenye misi ya silinda moja, ile inayopiga kwa mpigo usiobadilika, kuna njia ya zamani na haijapata mrithi bora. Injini inaunguruma polepole. Fundi anaizungushia kitambaa nati ya paipu inapoingia kwenye nozeli, anailegeza robo ya mzunguko. Dizeli inatoka na povu na mlio wa kutatarika, na silinda hiyo inakufa kwa muda. Injini ikishuka na kutikisika zaidi, silinda ilikuwa nzima. Anakaza, anahamia nyingine. Akifika kwenye ile ambayo ukilegeza hakuna kinachobadilika, amefika. Kabla hata ya spana, anaweza kugusa matawi ya manifoldi ya ekzosi mara tu baada ya kuwasha injini iliyolala: tawi la silinda isiyowaka hubaki la baridi kwa muda. Siku hizi wapo wenye kipimajoto cha mwanga, na kinafaa.

Sikio linahitaji kujua injini gani linaisikiliza. Injini ya silinda nne ikipoteza moja, vioo vya pembeni vinatetemeka na kila mtu anajua. 1HZ ina silinda sita. Ikipoteza moja inaweza kuendelea kwa upole kiasi kwamba mwenye gari anadhani ni uzee. Na 300Tdi, ambayo hunyunyiza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, kwa asili inagonga kuliko Toyota za zamani zenye kijumba cha pembeni cha kuwashia. Mtu aliyezoea moja asihukumu nyingine kwa mlio.

Onyo hapa si la kupitia haraka. Mafuta yanayotoka kwenye nozeli hupenya ngozi, na jeraha lake ni la kukimbizwa hospitali hata kama kitobo ni kidogo kama cha sindano. Kidole hakisogezwi mbele ya nozeli inayonyunyiza. Na njia hii ya kulegeza nati haifanywi kabisa kwenye dizeli mpya za reli ya pamoja, kama Hilux na Prado zenye D-4D, ambazo mafuta yake hukaa kwenye msukumo unaoweza kuzidi mara elfu moja ya msukumo wa hewa. Fundi wa magari ya zamani akiletewa hilo akasema "hii peleka kwa mwenye mashine", amekupa ushauri wa thamani.

Silinda mbovu ikishajulikana, swali ni kama kosa ni la nozeli au la silinda. Fundi wa haraka ananunua nozeli. Fundi ninayemsifu anabadilishana: nozeli ya silinda ya tatu anaipeleka ya kwanza, ya kwanza anaileta ya tatu, na washa mpya za shaba chini yake. Misi ikihamia ya kwanza, nozeli ndiyo mkosaji. Ikibaki ya tatu, nozeli haina hatia, na sasa ndipo geji ya kompresheni inatoka kabatini. Gharama ni washa chache. Hakuna kipimo kingine kwenye gereji kinachosema ukweli mwingi hivyo kwa fedha ndogo hivyo.

Nozeli yenyewe hupimwa kwenye mashine ya mkono yenye geji. Omba uione. Kwa injini hizi za Toyota nozeli nzuri hufunguka ghafla, inalia kama inakwaruza, na kutoa ukungu mwembamba uliosimama wima. Nozeli mbovu inakojoa: mchirizi badala ya ukungu, au tone linaloning'inia ncha baada ya mkono kusimama. Tone hilo ndilo chanzo cha moshi na cha kugonga. Mtazame pia anavyorudisha. Washa za zamani hazirudi. Kitundu kinasafishwa masizi yote kabla, kwa sababu chembe moja chini ya washa inaacha moto upenye pembeni, nozeli inaungua, na baada ya muda mfupi utasikia mlio wa "chf, chf" pale juu, umerudi mwanzo.

Kompresheni ikiwa ndogo kwenye silinda moja, anatia oili kidogo ndani na kupima tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya silinda hedi. Silinda mbili za jirani zikiwa chini pamoja, gasketi inashukiwa kwanza. Kwenye injini za 1KZ na za 2L zenye tabo, hedi kupasuka ni ugonjwa unaojulikana. Atafungua rejeta injini ikiwa ya baridi, awashe, atazame kama kuna mapovu yasiyokoma.

Pampu ninaiweka mwisho kwa makusudi. Mengi ya magari haya, ya 1HZ yakiwemo, yana pampu ya mzunguko yenye pistoni moja ndani inayogawia silinda zote. Maana yake ni kwamba pampu ikichakaa, silinda zote zinaumia pamoja. Fundi anayekwambia silinda moja inamisi kwa sababu pistoni ya pampu imekwisha hajafikiria pampu hiyo inavyofanya kazi. Kwenye kila tawi la kutokea kuna valvu yake ndogo inayoweza kuharibika, na hiyo ni habari nyingine. Pampu za mstari za malori na za Land Cruiser za 2H ni tofauti, kila silinda ina pistoni yake, na huko madai hayo yanawezekana.

Dalili ya kweli ya pampu ya mzunguko iliyochakaa ni gari linalowaka vizuri asubuhi na kukataa likishachemka. Dizeli ya moto ni nyepesi, inavuja ndani ya pampu, msukumo haufiki. Mafundi hufunika pampu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, wanasubiri, wanajaribu tena. Likiwaka, jibu limepatikana. Njombe ugonjwa huu hujificha kwa miaka kwa sababu ya ubaridi, kisha unajitokeza gari likiteremka Chimala au likifika Dar. Anayenunua dizeli kuukuu Njombe alichemshe kwanza, alizime, kisha aliwashe.

Mtazame pia kama ana adabu na skrubu. Nyuma ya pampu kuna skrubu ya kiasi cha mafuta ambayo kiwandani hufungwa kwa lakiri. Ikiwa imezungushwa kuficha udhaifu wa kompresheni au kuongeza nguvu, utaona nati imeng'aa na lakiri haipo. Fundi mwenye heshima akilazimika kuigusa, au kusogeza pampu kwenye wakati wake, hukwaruza alama kwanza kati ya pampu na mwili wa injini ili aweze kurudi alipotoka. Kwenye injini hizi za Toyota wakati wa pampu hupimwa kwa saa ya kupimia inayofungwa nyuma yake, na kipimo chenyewe ni chini ya milimita moja. Wapo wanaousogeza kwa kusikiliza tu mpaka mlio upendeze. Mlio unaopendeza Njombe saa tatu asubuhi unaweza kuwa pistoni iliyotoboka baadaye.

Kazi ikiisha, usikubali kulichukua gari jioni likiwa la moto na kuondoka. Jaribio la kwanza ni barabarani na mzigo, kwenye mwinuko mrefu, kwa gia ya juu kidogo kuliko kawaida, maana misi ya mafuta kidogo hutokea hapo. La pili ni kulilaza gereji. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla mtu hajaligusa, gusa injini uhakikishe ni ya baridi kweli, kisha liwashwe mbele yako bila kukanyaga mafuta. Hesabu muda wa stata, tazama moshi, nenda nyuma uweke kiganja kwenye ekzosi. Vilivyotolewa viwe kwenye boksi, pamoja na karatasi yenye namba za kompresheni za silinda zote na tarehe. Gari likiwaka vizuri, mlipe na gharama ya kupima peke yake, hata kama alichobadilisha ni klipu na kipande cha mpira.